Ile W Niliyoifuta

"Mkuu wa Chuo atawala wageni saa tatu asubuhi."

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyoiharibu kazini, na ilitoka nakala mia mbili kabla mtu hajaishtukia. Nilikusudia "atawalaki." Herufi mbili zilibaki vidoleni, na Mkuu wa watu, mtu mpole asiyeweza hata kuchinja kuku, akageuka mla watu mbele ya wazazi wa wahitimu. Mzazi mmoja kutoka Igalula alifika getini na ratiba yake mkononi, akamuuliza mlinzi kama wageni wanaliwa wote au wanachaguliwa.

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Nililia. Mzee Mathayo, aliyekuwa akinifundisha kazi, hakunibembeleza wala hakunikaripia. Alikuwa mtu wa Usoke, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kuruka siku, na ujana wake ulipita katika chumba cha chapa cha wamisionari akipanga herufi za madini ya risasi moja moja. Alinipa ile ratiba akaniambia niisome kuanzia neno la mwisho kwenda la kwanza.

"Ukisoma kwenda mbele unasoma unachokitaka," alisema. "Ukirudi nyuma unasoma kilichopo."

Jaribuni wenyewe, wanangu. Inachosha, lakini hakuna dawa nyingine.

Wakati ule tulikata stensili kwa taipureta iliyotolewa utepe. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga herufi upya juu yake. Kisha unaivika stensili kwenye mashine ya kudurufu na kuzungusha mkono mpaka bega linaimba. Wino uliingia kwenye kucha, ukaenda nao hadi harusini. Baadaye ikaja kompyuta, na wanafunzi ambao hawajawahi kuiona stensili wakaendelea kuniita Mama Stensili mpaka nastaafu. Nilidhani kompyuta imekuja kuyamaliza makosa. Kumbe imeyaletea gari.

Wiki iliyopita wawili wenu, wahariri wa gazeti la wanafunzi, mlikuja nyumbani kwangu mkakataa chai mpaka nilipokasirika. Mlitaka kujua kama ile safu ya "Kengeza" irudishwe au izikwe moja kwa moja. Mmoja alisema, "Mama, wenzetu wanasema mambo ya dini tusiyaguse kabisa, tuandike michezo na usafi wa mazingira." Macho ya mwingine yalikuwa yanabishana. Jibu langu nimeliandika humu. Lakini siwezi kulitoa bila kuwaeleza kilichotokea, kwa sababu habari inayosimuliwa mabwenini ni ya uongo nusu, na ile nusu ya kweli imenisahau mimi.

Gazeti lenu liliitwa Kipenga tangu wakati ule. Kurasa nne, mara mbili kwa muhula. Wanafunzi waliandika kwa mkono, mimi nikachapa, nikapanga safu, nikatoa nakala. "Kengeza" ilikuwa safu ya mzaha ukurasa wa tatu, na mwandishi wake aliitwa Kabula, msichana wa Igunga, mtoto wa mfugaji ambaye pia ni mzee wa kanisa. Alikuwa mwembamba, mkimya darasani, na kalamu yake ya wino wa kijani ilikuwa kali kama pilipili kichaa. Alianza na watu wa dini yake. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiombea mtihani kwa kipaza sauti chini ya madirisha ya bweni. Kabula akaandika kwamba shetani mwenyewe alikuja kugonga mlango wa matroni akiomba mahali pa kupumzikia. Kikundi cha sala kilinuna siku mbili, siku ya tatu wakawa wanaisoma kwa sauti bwaloni.

Toleo lililofuata akamwandika mtu aliyempa jina la Bwana Mchamungu. Huyu alikuwa na mkeka mmoja wa kusalia na njia tatu. Mkuu akipita njia ya bwalo, mkeka uko bwaloni. Akipita ya maktaba, mkeka uko maktabani. Kisha ikaja sentensi hii, naiandika kama Kabula alivyoiandika: "Haja zake zote huzimalizia juu ya mswala: ukiranja, ruhusa ya kwenda mjini, na kipande cha ziada cha nyama siku ya Jumapili."

Nilicheka nikiwa nachapa. Namjua Bwana Mchamungu. Kila chuo kinaye, na misikiti na makanisa pia.

Sasa hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mimi ni mtoto wa mjini. Babu wa baba yangu alifika Tabora na msafara, mzigo wa shanga kichwani, akaoa, akabaki. Kiswahili ndicho lugha yetu ya nyumbani, na tangu utotoni tuliwacheka watoto wa Nzega na Igunga waliokuja sokoni wakichanganya r na l. Kucheka huko nilizeeka nako. Nyumbani kwetu mkeka wa kusalia tunauita msala. Nilipoona "mswala" kwa wino wa kijani, nikajisemea, huyu binti wa watu Kiswahili bado kinamsumbua. Nikaifuta w. Sikumuuliza. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

Na msala, kama mnavyojua, ni choo pia. Mtu akienda msalani haendi kusali.

Kosa la pili lilikuwa la kupanga. Safu ilijaa. Sentensi ile ikakatika mwisho wa ukurasa wa tatu baada ya neno "msala," na ukiranja, ruhusa na nyama vikahamia ukurasa wa nne. Mzee Mathayo angenichapa kwa rula. Alikuwa akisema usimwache msomaji ukingoni mwa ukurasa na mguu hewani. Toa neno juu, ongeza neno chini, lakini sentensi inayoweza kueleweka vibaya ifike nzima. Nililijua hilo kwa miaka mingi. Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda kufuturisha.

Ndiyo, ilikuwa Ramadhani.

Mtu akapiga picha chini ya ukurasa wa tatu kwa simu. "Haja zake zote huzimalizia juu ya msala." Basi, hapo hapo. Na jina la mwandishi pembeni: Kabula. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake picha ilikuwa imezunguka mjini mara ngapi, sijui.

Mimi niliiona mkononi mwa kaka yangu. Kaka Idrisa ni fundi cherehani, na wakati ule alikuwa katibu wa kamati ya msikiti wetu. Nilipita dukani kwake kuchukua gauni. Hakunisalimia vizuri. Akanisogezea simu.

"Tazama wanachoandika huko kwenu. Mkristo anasema Waislamu tunajisaidia kwenye mikeka ya kusalia. Mwezi kama huu!"

Nilitazama. Neno lilinitazama pia. Nikajua papo hapo.

Ningesema pale pale, leo ningekuwa na hadithi fupi ya kuwapa. Sikusema. Nilichukua gauni langu nikasema, "Astaghfirullah," kama jirani yeyote, nikaondoka. Nilisema uongo kwa kutumia jina la Mungu, na huo ndio ulionisumbua kuliko ile herufi.

Nilirudi ofisini. Mzee Mathayo alinizoeza kutotupa karatasi ya mwandishi mpaka gazeti limesomwa na watu wametulia. Niliitoa kwenye faili. Wino wa kijani, herufi za duara za binti wa shule: m, s, w, a, l, a. Ile w ilikuwa wazi mno, hata mtu asiye na miwani angeiona.

Jioni baada ya futari nikamweleza kaka. Tulikuwa wawili tu barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho akizungusha tasbihi.

"Hiyo karatasi iko wapi?" akauliza.

"Kwenye mkoba wangu."

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

Akatazama upande wa jikoni, ambako mkaa ulikuwa bado mwekundu. "Zuhura, wewe ni ndugu yangu. Yule binti atahamishiwa chuo kingine, ataanza maisha mapya. Wewe utahamia wapi? Watu watasema dada yake katibu ndiye aliyeandika. Mimi nitasimamaje mbele ya jamaa?"

"Hatahamishwa, kaka. Atafukuzwa. Amebakiza mtihani wa mwisho."

"Basi Mungu atamfungulia mlango."

"Mlango huu nimeufunga mimi."

Aliinuka akaingia ndani. Hakunisindikiza, kitu ambacho hajawahi kunifanyia tangu nizaliwe.

Kikao kiliitishwa saa nne asubuhi katika ofisi ya Mkuu. Huyu alikuwa Mkuu mwingine, mtu wa taratibu, mwenye hofu ya simu kutoka juu. Upande mmoja alikaa Shehe wa msikiti wetu, mzee mwenye sauti ndogo ambaye ukitaka kumsikia lazima unyamaze. Pembeni yake kaka Idrisa na daftari lake la ukatibu. Upande wa pili Kabula, peke yake, mikono magotini. Na mimi niliitwa kuandika muhtasari, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kabula alinisalimia kwa sauti isiyotoka: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mkuu alisoma shitaka. Kukashifu dini. Kuhatarisha amani ya chuo. Akasema chuo kinapendekeza kumwondoa mwanafunzi ili jambo liishe, na kwamba gazeti limefungwa. Nikaandika. Akamtaka Kabula aombe radhi kwa kuikashifu sala.

"Naomba radhi kwa wote walioumia," alisema Kabula. "Lakini sikuikashifu sala, Mkuu. Nilimcheka mtu anayeitumia. Nikikiri nisilolifanya, kila atakayesoma ataamini kwamba kweli nilikusudia."

"Maandishi haya hapa!" Mkuu akagonga gazeti. "Msala! Umeandika au hukuandika?"

Kabula akalitazama gazeti. Nikaona uso wake ukihangaika kukumbuka. Alikuwa anaanza kuitilia shaka kalamu yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

"Hakuandika yeye," nikasema. "Nimeandika mimi."

Mkuu akanigeukia. "Bi Zuhura, umeitwa kuandika, si kusema."

"Najua, Mkuu. Nitayaandika na haya ninayoyasema."

Nikatoa karatasi mkobani. Sikumpa Mkuu. Nilizunguka meza nikampa Shehe, kwa sababu yeye ndiye aliyeumizwa. Nikamweleza ile w, nikamweleza nilivyoikata sentensi ukingoni. Nikasema nilifuta kwa kiburi cha mtu wa mjini, kwamba nilidhani mtoto wa Igunga hawezi kunifundisha jina la mkeka ninaosalia. Sikumtazama kaka. Nilisikia tu daftari lake likifungwa.

Shehe alivaa miwani akaisoma karatasi yote, taratibu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye nyama ya Jumapili pembe ya mdomo ilitikisika kidogo, kisha ikarudi mahali pake.

"Mswala nani amekufundisha?" akamuuliza Kabula.

"Bibi mmoja jirani yetu, Mwislamu. Nilikuwa nikimtandikia wakati mgongo unamuuma."

Akaitikia kwa kichwa. Tukadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

"Hata hili lililo sahihi," akasema, "mimi halinipendezi. Sala si mahali pa mchezo."

"Shehe," Kabula akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imerudi, "kwetu mtani huja msibani akamcheka hata marehemu. Hakuna anayemfukuza."

"Kweli. Lakini mtani namjua. Anakuja na miguu yake, ananipa mkono, anakula na mimi, kisha ananicheka usoni. Wewe umenicheka kwa karatasi, na karatasi haijui kumsalimu mtu kwanza."

Nimelifikiria hilo neno kuliko yote niliyoyasikia katika ofisi zile. Ninachosema leo ni kwamba alikuwa sahihi nusu. Karatasi haisalimii. Kwa hiyo anayeitoa lazima asalimie kwa niaba yake: aweke jina lake, awe na mlango unaogongeka, na kabla ya kuchapa ampe mtu wa dini ile aisome. Simaanishi ampe aikate. Ampe ili asikie neno likitoka katika mdomo mwingine. Kabula angempa Mwislamu yeyote wa bweni lake ile nakala yangu, "msala" ungekamatwa dakika ile ile.

Mwishoni Shehe alikataa binti afukuzwe. Alisema kosa limepata mwenyewe. Alitaka jambo moja: sahihisho litoke, na lifike kule ilikofika picha.

Mkuu naye alitaka lake. Kipenga kilifungwa muhula mzima. Mimi nikapewa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye mashine na kupelekwa masjala, kugonga mihuri kwenye bahasha mpaka siku ya kustaafu. Barua ile ninayo. Sijawahi kuilalamikia. Niliiandika mwenyewe, maana hakukuwa na mchapaji mwingine, na nikairudia kuisoma kinyumenyume.

Kabula alifanya mtihani wake. Leo ni mwalimu Ulyankulu, ana watoto wawili, na huwafundisha wanafunzi wake insha za mzaha. Muhula uliofuata wanafunzi waliandika barua kuomba gazeti lao, Waislamu na Wakristo katika karatasi moja, na Kipenga kikarudi. "Kengeza" peke yake haikurudi. Hakuna aliyeikataza. Kila mhariri aliyekuja aliogopa tu, na hofu ikageuka desturi. Hiyo ndiyo desturi mnayoniuliza leo.

Basi jibu langu. Rudisheni safu. Mnafiki akikosa mahali pa kuchekwa kwenye gazeti lenye majina ya watu, atachekwa kwenye simu na mtu asiye na jina, na huyo hatamwachia mtu heshima, wala sala. Mcheke mtu na vitendo vyake. Kile anachokishika mkononi, mkeka, msalaba, kitabu, mkiweke chini taratibu mkimaliza, kwa sababu wapo wengine wanaokishika kwa dhati. Mwandishi akikuletea neno usilolijua, muulize, hata kama ametoka kijiji usichokijua. Na mkikosea, semeni upesi. Mimi nilichelewa siku moja tu, na siku hiyo Kabula aliimaliza akisikia jina lake likitukanwa sokoni.

Nimeruka sahihisho. Lilikuwa ukurasa mmoja: maneno ya Kabula yote kama alivyoyaandika, chini yake maelezo yangu na jina langu kamili, Zuhura binti Hamisi, mchapaji. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kwenye ile mashine. Wanafunzi walilirusha kwenye simu, lakini mnajua wenyewe: picha ya ugomvi hukimbia, sahihisho hutambaa. Nikaona halitafika lisipopelekwa. Ijumaa nikalibeba bunda zima, nikajifunga ushungi vizuri, nikaenda kusimama nje ya lango kubwa la msikiti wetu kabla sala haijaisha.

Msikiti ule una malango mawili, nami nilikuwa mmoja. Watu walianza kutoka. Wengine walichukua, wengine walinipita kama nguzo. Mmoja aliikunja akaitupa miguuni mwangu; nikaiokota, nikaifuta vumbi, nikampa aliyemfuata. Mzee mmoja aliisoma akiwa bado anatafuta kiatu cha pili, akaniuliza kwa kunong'ona, "Huyu Bwana Mchamungu ni nani? Maana na sisi humu tunaye." Upande wa lango dogo niliwaona wengi wakitoka na kuondoka bila kupata kitu, na sikuwa na namna.

Kisha akatoka kaka Idrisa. Tulikuwa hatujasemezana tangu kikao. Nikanyoosha mkono na karatasi moja, nikisubiri anipite. Aliipokea. Aliisoma amesimama, mpaka kwenye jina langu na jina la baba yetu, watu wakimpita kulia na kushoto wakimtazama. Akaikunja, akaitia mfuko wa kanzu, akachukua nusu ya bunda mikononi mwangu, akaenda kusimama kwenye lango la pili.